Enema Ipi kwa Mgonjwa Yupi: Ulinganisho wa Njia za Kufungua na Kusafisha Utumbo

Mgonjwa anayeambiwa wodini kwamba kabla ya kukucha atapigwa enema aghalabu haulizi neno. Haya humziba mdomo, muuguzi naye ana haraka, na jambo lenyewe linahusu sehemu ya mwili ambayo watu wazima hawaitaji mbele ya wageni. Kwa hiyo hugundua akiwa amekwisha kulala ubavu kama alichoandaliwa ni mfuko wa lita nzima ya maji uliotundikwa juu yake au ni kichupa kinachoenea kiganjani. Neno enema, ambalo wazee wengi bado hulitaja kwa kusema kupigwa bomba, linafunika vitu visivyofanana hata kidogo: maji ya chumvi, dawa ya fosfati, sabuni, mafuta, dawa ya kutibu kidonda cha utumbo, hata bariamu ya kupigia picha. Vinachoshiriki ni njia ya kuingilia tu. Kazi yake, muda wake na hatari zake hutofautiana, na mgonjwa akizijua tofauti hizo anaweza kuuliza maswali mawili au matatu yenye maana kabla hajajifunua. Nitavilinganisha viwili viwili, jinsi vinavyokutana kweli mbele ya mgonjwa na nduguze, badala ya kuvipanga kwa orodha ya dukani.

Kinyesi kimekwama wapi

Ulinganisho wowote unaanzia hapa. Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 1.5. Huanzia chini ya tumbo upande wa kulia karibu na kidole tumbo, hupanda hadi chini ya ini, hukatiza kwenda kushoto, kisha hushuka na kujipinda kabla ya kuishia kwenye puru, ambayo ni sehemu ya mwisho yenye sentimita 12 hadi 15 tu. Enema ndogo ya chupa hufika kwenye puru na sehemu ya lile pindo lililo juu yake. Enema kubwa, ya mililita 500 hadi 1,000 kwa mtu mzima, hupanda zaidi kwenye upande wa kushoto wa tumbo. Hakuna enema inayosafisha utumbo mwembamba, na anayeahidi kwamba maji yanayoingizwa chini yataosha tumbo zima hadi juu anaahidi kitu ambacho maumbile hayakuruhusu.

Mpangilio huo ndio unaoeleza pia kwa nini mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto na goti la kulia likakunjwa kuelekea kifuani: utumbo unashukia upande huo, kwa hiyo maji huingia yakifuata mteremko wake. Kumpiga mtu enema akiwa amekaa juu ya choo, kama wengine wanavyojaribu nyumbani, huyafanya maji yabaki chini puruni na humfanya mtu asukume mpira au ncha ya chupa kwa pembe isiyofaa.

Dawa ya kunywa na dawa ya kuingizwa

Mtu aliyefunga choo kwa siku kadhaa, ambaye tumbo limejaa lakini haliumi sana, hatapiki na bado anapitisha hewa, hana sababu ya kuanza na enema. Laktulosi huvuta maji ndani ya utumbo na huchukua siku 1 hadi 2 kuonyesha matokeo. Makrogoli, ule unga unaokorogwa kwenye maji, hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo na huchukua siku 1 hadi 3. Vidonge vya bisakodili na vya senna huichochea misuli ya utumbo wenyewe na mara nyingi hujibu baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana humezwa wakati wa kulala ili choo kije asubuhi. Enema ya fosfati hujibu ndani ya dakika 1 hadi 5. Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayowapeleka watu wengi moja kwa moja kwenye chupa, na mimi siwalaumu, kwa sababu mtu aliyekaa siku sita bila choo hataki kusikia habari ya kesho kutwa. Lakini enema hutoa kilichopo mlangoni tu. Ikiwa chanzo ni vidonge vya madini ya chuma anavyomeza mjamzito, au morfini ya maji wanayopewa wagonjwa wa saratani, au kulala kitandani kwa wiki nyingi, kilicho juu kitashuka kikiwa kigumu vilevile, na baada ya siku chache familia itarudi dukani kununua chupa nyingine. Mgonjwa wa morfini hasa anastahili kuanzishiwa dawa ya kunywa ya kufungua choo siku ile ile anayoanza morfini, bila kungoja afunge kwanza.

Hesabu hugeuka pale kinyesi kinapokuwa kimekauka na kukwama puruni kama jiwe. Hapo dawa ya kunywa peke yake inaweza kuongeza maumivu kwa sababu inasukuma kutoka nyuma ilhali mlango umefungwa. Hali hii huwapata sana wazee wasiotoka kitandani, na ina hila moja ambayo kila anayemuuguza mzazi wake nyumbani anapaswa kuijua: kinyesi cha maji hupenya kando ya kile kigumu na kuchafua shuka mara kwa mara, familia ikaona baba anaharisha, ikamnunulia dawa ya kuzuia kuharisha, na dawa hiyo ikakaza zaidi kilichokwama. Mzee aliyekosa choo kwa siku nyingi kisha akaanza kutokwa na maji machafu kidogo kidogo bila kujizuia anahitaji kupimwa kwa kidole na mhudumu wa afya kabla ya kupewa kidonge chochote. Ikithibitika kwamba amekwama, kinachofaa kwanza ni enema ya mafuta ya kulainisha, pengine pamoja na kutolewa kwa kidole, halafu enema ya kusafisha, na dawa ya kunywa ifuate ili hali isirudi.

Kwa watoto ulinganisho umekwisha kufanywa na madaktari wa tumbo la watoto, na jibu linaegemea kinywani. Miongozo ya vyama vya wataalamu hao vya Ulaya na Marekani Kaskazini iliyotolewa mwaka 2014 inasema kwamba makrogoli ya kiasi cha gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kila siku, kwa muda wa siku 3 hadi 6, hufungua choo kilichokwama sawasawa na enema, na kwa sababu hiyo yapendekezwa kwanza. Sababu ya ziada anaijua mzazi yeyote aliyewahi kumshika mtoto kwa nguvu: mtoto aliyeumizwa sehemu hiyo hujizuia kwenda haja, na kujizuia ndiko kunakozidisha ugonjwa wenyewe.

Kati ya kinywa na enema kuna njia ya tatu ambayo watu huiruka bila kuiona, nayo ni sapozitori, ile dawa ngumu ya umbo la risasi inayoyeyuka kwa joto la mwili. Sapozitori ya gliserini huja kwa ukubwa wa gramu 4 kwa mtu mzima, gramu 2 kwa mtoto na gramu 1 kwa mtoto mchanga, na hulainisha na kuamsha puru ndani ya dakika 15 hadi saa 1. Ile ya bisakodili ya miligramu 10 huchukua muda kama huo lakini husokota zaidi. Zote mbili lazima ziguse ukuta wa puru. Zikichomekwa katikati ya kinyesi hazifanyi lolote. Kwa mtu mzima anayejisikia haja imefika lakini haitoki, mimi ningeijaribu gliserini kabla ya enema yoyote. Haina chumvi ya kuingia kwenye damu wala maji ya kuzidisha, na mtu anaweza kujiwekea mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, jambo ambalo kwa wengi wetu lina thamani kuliko tunavyokiri.

Kilichomo ndani ya chupa

Ikishaamuliwa kwamba ni enema, swali linalofuata ni ya nini. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, na ndipo wagonjwa wanapoelezwa kidogo zaidi.

Enema ya fosfati ndiyo inayopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya dawa kwa sababu ni ndogo, imefungwa tayari na ncha yake imekwisha kupakwa mafuta. Chupa ya mtu mzima ina mililita 133, ambazo takriban 118 ndizo zinazoingia mwilini. Hufanya kazi kwa kuvuta maji kutoka kwenye kuta za utumbo hadi puru itanuke na kusukuma. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, aliyekunywa maji ya kutosha na anayetumia chupa moja, ni njia safi na ya haraka. Hatari yake huanza dawa inapoingia na isitoke. Fosfati iliyobaki ndani hunyonywa na damu, hushikamana na kalsiamu na kuishusha, na sodiamu nayo hupanda huku mwili ukikauka. Mgonjwa anaweza kukakamaa misuli, kupoteza fahamu, na moyo wake kupiga ovyo. Mwezi Januari 2014, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kutumia zaidi ya dozi moja ya dawa za fosfati za dukani ndani ya saa 24 kunaweza kudhuru figo na moyo na hata kuua. Onyo hilo liliwataja hasa watu wenye umri unaozidi miaka 55, wenye ugonjwa wa figo, waliopungukiwa maji mwilini, wenye utumbo ulioziba au uliovimba, na wanaotumia dawa zinazogusa figo, zikiwamo dawa za kukojoza, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni. Mtazame sasa mzee wa kawaida wa mtaani kwetu: ana miaka 70, ana presha, anameza dawa ya kukojoza, na magoti humuuma hivyo hakosi diklofenaki, ndugu wa ibuprofeni, mfukoni. Huyo ndiye anayefunga choo mara kwa mara, na huyo ndiye chupa ile haimfai bila kauli ya daktari.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hapewi fosfati kwa njia hiyo kamwe. Kuanzia miaka 5 hadi 11 ipo chupa ya watoto, nusu ya ile ya wakubwa, na wa miaka 2 hadi 4 hupewa nusu ya hiyo ya watoto, tena kwa maelekezo ya daktari. Kumkadiria mtoto kwa macho kutoka kwenye chupa ya mtu mzima ni kosa lililowahi kugharimu maisha. Na kwa rika lolote, ikiwa dakika 30 zimepita tangu dawa kuingia na hakuna kilichotoka, haiongezwi chupa ya pili. Mgonjwa hupelekwa hospitali.

Enema ya maji ya chumvi, yale yale ya gramu 9 za chumvi kwa lita yanayotundikwa kama dripu, inapingana na fosfati karibu katika kila jambo. Ni nyingi, inahitaji mfuko, mpira, beseni na mtu wa kusaidia, nayo hutumia muda. Lakini kwa kuwa uchumvi wake unalingana na wa damu, haivuti maji kutoka mwilini wala haiyaingizi kwa wingi, na ndiyo iliyo salama zaidi kwa wazee na watoto. Kama ningekuwa na mzazi mwenye figo dhaifu na nikaambiwa hakuna budi asafishwe, ningeomba hii na kuvumilia usumbufu wake.

Maji matupu ya bomba hufanana nayo kwa macho tu. Hayana chumvi, kwa hiyo mwili huyanyonya kupitia ukuta wa utumbo, na yakirudiwa mara mbili tatu sodiamu ya damu hushuka, mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa, kutapika na hata kupata degedege. Mara moja, kwa mtu mzima mwenye afya, huwa hayaleti shida kubwa. Yale mazoea ya kurudia mpaka maji yatoke meupe ndiyo yanayoumiza.

Maji ya sabuni ni urithi wa wodi za zamani. Yaliyokusudiwa ni sabuni ya maji isiyo kali, kiasi cha mililita chache kwa lita moja ya maji, ili iwashe kidogo ukuta wa utumbo na kuuamsha. Sabuni hiyo inapokosekana, watu wamekata sabuni ya kipande au kukoroga ya unga, na matokeo yake ni ukuta wa utumbo ulioungua, damu na ute kwa siku kadhaa. Maji ya chumvi yakiwapo, sioni sababu ya kuchagua sabuni.

Enema ya mafuta ya madini hailingani na hizo kwa kasi wala haikukusudiwa kulingana. Ujazo wake ni mdogo kama wa fosfati, na kazi yake ni kulainisha na kutelezesha kinyesi kilichokauka. Mgonjwa akiweza huyashikilia mafuta kwa dakika 30 hadi 60. Atandikiwe kitambaa asichokipenda, maana mafuta huvuja hata baada ya kazi kwisha.

Kahawa, maji ya mitishamba na michanganyiko ya kutoa sumu mwilini siiweki kwenye ulinganisho huu kama chaguo, lakini siwezi kuipita kimya kwa jinsi inavyotangazwa. Utumbo hauhifadhi sumu inayongoja kuoshwa. Ini na figo ndizo zinazofanya kazi hiyo kila saa. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, liliandika kuhusu vifo viwili vilivyohusishwa na enema za kahawa, ambapo madini ya damu yalikuwa yamevurugika. Hatari kubwa zaidi iko kwa watoto wachanga wanaotiwa mitishamba kwa bomba la mpira, kwa kuwa mwili wa kilo nne hauna nafasi ya kosa.

Kabla ya kipimo, kabla ya upasuaji, kabla ya kujifungua

Si kila enema ni ya kutibu. Kwa kipimo cha sigmoidoskopi, ambapo daktari anaangalia puru na upande wa chini kushoto tu, enema ya fosfati inatosha kwa mtu anayeruhusiwa kuitumia. Kwa kolonoskopi, ambapo kamera inapita utumbo mpana wote hadi kwenye kidole tumbo, enema haiwezi kuchukua nafasi ya dawa ya kunywa. Mgonjwa hunywa makrogoli ya lita 2 hadi 4, na siku hizi hupendekezwa agawe: nusu usiku, nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Wako wanaoomba wapigwe enema ili waepuke kunywa maji yote yale yenye ladha ya chumvi, na ombi hilo naliona la haki kabisa kwa aliyewahi kuyaonja, lakini kamera itakuta upande wa kulia umejaa na kipimo kitarudiwa kwa gharama ile ile.

Enema ya bariamu ni kitu kingine tena. Ni dawa nyeupe nzito inayoonekana kwenye eksirei, huingizwa puruni mara nyingi ikifuatiwa na hewa, na huchora umbo la ndani la utumbo. Kolonoskopi na picha za si-ti zimechukua sehemu kubwa ya kazi yake, kwa sababu kolonoskopi humwezesha daktari kukata kipande cha nyama cha kupima palepale, jambo ambalo bariamu haiwezi. Pale ambapo kolonoskopi haipatikani, bariamu bado inasaidia. Aliyefanyiwa anapaswa kunywa maji mengi, kwa maana bariamu ikikauka ndani hufunga choo, na asishtuke choo kikiwa cheupe kwa siku chache. Ikiwa daktari anashuku kwamba utumbo umetoboka, bariamu haitumiki. Hutumika dawa inayoyeyuka kwenye maji.

Kwa mtoto wa miezi michache anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, anayetapika, kisha akatoa ute wenye damu, huenda kipande cha utumbo kimeingia ndani ya kingine. Huko enema ya hewa au ya maji, inayofanywa na daktari wa picha huku daktari wa upasuaji akiwa karibu, inaweza kukirudisha kipande hicho bila kisu. Pasipo na vifaa hivyo au mtoto akiwa amechelewa, upasuaji ndio njia. Ugonjwa huo huo ukidhaniwa nyumbani kuwa ni mchango, mtoto akapigwa enema ya kienyeji, saa za kumwokoa hupotea.

Kuhusu leba nitasema kwa ufupi kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa. Kwa miaka mingi enema ilikuwa desturi kwa kila mama anayeingia chumba cha kujifungulia, kwa hoja kwamba inapunguza uchafu, maambukizi na muda wa uchungu. Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 1996 katika orodha ya mambo ya mazoea yasiyofaa au yenye madhara katika uzazi wa kawaida, na mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, yaliyojumuisha majaribio manne na wanawake 1,917, hayakuona msingi wa kuendelea nayo kama utaratibu wa kila mama. Mama anayeambiwa ni lazima ana haki ya kuuliza kwa nini. Mama anayeitaka mwenyewe kwa sababu amefunga choo siku nyingi na anaona atastarehe zaidi, hilo ni ombi lake na linazungumzika na mkunga.

Enema ya kubaki ndani

Zipo enema ambazo kutoka mapema ni kushindwa. Mgonjwa mwenye vidonda vya utumbo mpana upande wa kushoto anaweza kuandikiwa mesalazini ya gramu 4 katika mililita 60, anayojipa wakati wa kulala na kuishikilia kwa takriban saa 8. Chupa hutikiswa vizuri kwanza, na shuka iwe ya zamani kwa sababu dawa hutia madoa. Ikiwa vidonda viko puruni peke yake, sapozitori ya dawa hiyo hiyo hufaa zaidi kwa kuwa hubaki pale inapohitajika. Mgonjwa wa ini aliyepoteza fahamu na asiyeweza kumeza anaweza kupewa laktulosi ya mililita 300 ndani ya mililita 700 za maji na kuishikilia dakika 30 hadi 60. Ndugu wanaomwona hospitalini wakati mwingine hudhani anasafishwa choo tu, wakashangaa inarudiwa kila baada ya saa chache. Kinachotafutwa ni kupunguza sumu ya amonia inayotoka utumboni.

Kufanyiwa hospitalini au kujifanyia nyumbani

Chupa ndogo inaweza kutumiwa nyumbani na mtu mzima mwenye afya aliyesoma maelezo yake. Enema ya mfuko ningeiacha kwa muuguzi, hasa kwa mgonjwa dhaifu, na sababu si ustadi peke yake. Maji yanatakiwa yawe ya vuguvugu, kati ya nyuzi 37 na 40. Ya baridi husokota tumbo na ya moto huunguza mahali ambapo mgonjwa hahisi moto sawasawa. Mpira hupakwa kilainishi na kuingizwa taratibu sentimita 7 hadi 10 kwa mtu mzima, bila kulazimishwa ukikataa kupita. Mfuko hutundikwa sentimita 30 hadi 45 juu ya nyonga, kwa kuwa kadiri unavyopandishwa ndivyo maji yanavyoingia kwa nguvu. Tumbo likisokota, muuguzi hushusha mfuko au kuubana mpira, na mgonjwa hupumua kwa mdomo mpaka msokoto upite. Mgonjwa aruhusiwe kusema basi, na muuguzi mzuri humwambia hivyo mapema, akavuta pazia, akamfunika shuka mpaka kiunoni, na kuhakikisha choo au kiti cha choo kiko wazi na karibu. Baadhi ya watu huzimia wakiwa chooni baada ya enema, kwa hiyo mzee asiachwe peke yake huko hata akisisitiza.

Wapo wasiopaswa kupigwa enema nyumbani kwa hali yoyote: mwenye maumivu makali ya tumbo yasiyojulikana chanzo, anayetapika huku tumbo limejaa na hapitishi hewa, anayeshukiwa kuwa na kidole tumbo, aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo au puru hivi karibuni, anayetokwa na damu isiyoelezwa, na mgonjwa wa saratani ambaye dawa zimeshusha chembe nyeupe za damu. Mwenye bawasiri au mchaniko anaweza kufanyiwa ikibidi, lakini amwambie muuguzi kabla, maana ncha ngumu ikipita juu ya mchaniko maumivu yake hayasahauliki. Aliyeumia uti wa mgongo juu, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda shingoni, anaweza kupandishwa shinikizo la damu ghafla kwa kuguswa puru tu, na wahudumu wanapaswa kulijua hilo kabla hawajaanza.

Kwa wasomaji Waislamu ipo hesabu nyingine ya kulinganisha. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kuingiza kitu kwa njia ya haja kubwa mchana wa Ramadhani hubatilisha saumu, iwe enema au sapozitori, ilhali wako wanazuoni, akiwamo Ibn Taymiyya, walioona kwamba enema haifunguzi. Kwa dawa inayoweza kungoja, kama mesalazini ya usiku au maandalizi ya kipimo, kuipanga baada ya kufuturu kunaondoa tatizo. Kwa isiyoweza kungoja, mgonjwa ana ruhusa yake na siku italipwa.

Baada ya enema, kusokotwa kidogo, uchovu na kwenda haja mara mbili tatu ni mambo ya kawaida, na kunywa maji husaidia. Yasiyo ya kawaida ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuwa gumu, homa, damu nyingi, kukakamaa kwa mikono, kuchanganyikiwa, au moyo kwenda mbio. Puru iliyotoboka haionyeshi dalili zote mara moja. Maumivu yanaweza kuanza kidogo na homa ikafuata saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Akirudi hospitalini kwa mojawapo ya dalili hizo aseme tangu mapokezi kwamba alipigwa enema, ya kitu gani, kiasi gani na saa ngapi, na aje na chupa tupu kama ipo, kwa sababu daktari asiyeambiwa ataanza kutafuta malaria na taifodi kwanza.